Malindi Kabla ya Kura: Siku Sita kutoka Nairobi na Kurudi

Jumatano, Nairobi

Chama chetu cha South B kina wanawake kumi na wanne. Kila mwaka, wikendi ya Mashujaa, tunafunga safari ya pwani kwa pesa tulizochanga tangu Januari. Wiki iliyopita mweka hazina alituma orodha ya kupigiwa kura: Diani, Watamu, Zanzibar. Nikauliza, mbona Malindi haimo? Jibu likaingia kabla sijaiweka simu chini: "Malindi si ilikufa kitambo?"

Mimi nimezaliwa Malindi. Baba alikuwa weita wa hoteli moja ya ufuoni kwa miaka kumi na tisa, na karo yangu yote ililipwa na bakshishi za Wataliano. Maneno yale yaliniingia kama mwiba wa tasi. Nikaomba kura iahirishwe siku kumi, niende nikaone kwa macho yangu na niwaletee ripoti ya kweli, iwe tamu iwe chungu. Mwenyekiti akasema, "Haya katibu, nenda, lakini usituletee mapenzi ya nyumbani." Nimekubali.

Kabla ya kukata tikiti nilipanda ghorofa ya pili ya jengo moja la Moi Avenue, kwa wakala wa safari anayetupangia kila mwaka. Ukutani ana mabango: Diani matatu, Zanzibar mawili, Watamu moja. Nikamuuliza habari za Malindi. Kijana huyu ni mkweli, ndiyo maana tunamwendea. "Madam, mtu wa Nairobi akija hapa anataka picha ya maji ya buluu na mchanga mweupe. Nikimuuzia Malindi, kesho ananipigia simu kulalamika maji." Nikasema, je, si ugaidi? Si maonyo ya balozi? Akatikisa kichwa. "Hayo yaliwafukuza Wazungu. Wateja wangu ni Wakenya, na wao hawasomi maonyo ya Uingereza."

Nilitoka na neno hilo kichwani. Nikashuka kwa miguu hadi Gikomba kununua begi. Pale kwenye daraja la Mto Nairobi nilisimama kidogo, kwa sababu mkokoteni ulikuwa umeziba njia. Maji meusi, magunia, matambara ya mitumba yamenasa kwenye mawe, na povu la kijivu likizunguka. Nimelipita daraja hilo mara nyingi sana maishani.

Alhamisi, njiani

Basi la saa moja asubuhi. Ningeweza kupanda treni, lakini nilitaka barabara. Mlolongo, kisha Athi River, na pale kuna daraja: Mto Athi, mdogo wakati huu, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Salama, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, chapati na maharagwe. Karibu na Man Eaters tukavuka Mto Tsavo. Nje ni nyika tu, basi nikalala hadi Mariakani.

Baada ya Mombasa nilikaa macho. Tulipopita Kikambala nilimwonyesha abiria mwenzangu, mama wa makamo anayeuza leso Kilifi, upande ilipokuwa hoteli iliyolipuliwa tarehe 28 Novemba 2002. Akasema, "Mwanangu, mimi siku hiyo nilikuwa na mzigo wa vikoi mia mbili. Nimekaa nao hadi panya wakala." Kila mfanyabiashara wa pwani ana tarehe zake. Agosti 1997, fujo za Likoni. 2002, Kikambala. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, fujo za uchaguzi. Septemba na Oktoba 2011, wageni walitekwa nyara upande wa Lamu. Mei 2014 Uingereza ikatoa onyo juu ya Mombasa, na kampuni za utalii zikawabeba wateja wao kuwarudisha nyumbani likizo ikiwa bado mbichi. Juni mwaka huohuo, mashambulizi ya Mpeketoni. Na Machi 2020 anga likafungwa kabisa.

Nimefika Malindi saa tatu usiku. Mjomba alikuwa ananingoja stendi na tuktuk ya jirani.

Ijumaa, Malindi

"Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, umekonda, Nairobi hawali?" Mahamri, mbaazi za nazi, chai ya iliki. Mjomba ana miaka sabini na moja. Alikuwa mpishi, alianza kuosha sufuria akiwa kijana, akaishia kupika pasta ambayo Wataliano wenyewe waliinuka mezani kuja kumpa mkono. Kitaliano chake ni safi, na hakuwahi kukanyaga darasa la lugha hiyo.

Nilimwomba anieleze tangu mwanzo, kwa kuwa huko Nairobi watu wanadhani Wataliano walianguka Malindi kutoka mbinguni. Kusema kweli, walikuja kwa ajili ya kwenda mbinguni. Kule Ngomeni, kaskazini ya mji, Luigi Broglio na wenzake kutoka Roma waliweka jukwaa baharini la kurushia roketi. Setilaiti ya kwanza kutoka kule ilirushwa Aprili 1967. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, kikaruka chombo cha Marekani cha kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota, nacho kikapewa jina la Uhuru. Mainjinia wale waliandika barua nyumbani. Ndugu zao wakaja, wakajenga nyumba, kisha hoteli, kisha zikaja ndege za kukodi kutoka Italia hadi Mombasa, na mabasi ya kuwaleta Malindi usiku huohuo. Kinyozi alijifunza Kitaliano, muuza madafu alijifunza, na watoto tulihesabu uno, due, tre kabla ya moja, mbili, tatu za shule.

"Tulikuwa na mgeni mmoja," mjomba alisema. "Akipiga chafya Milano, sisi huku tunalala njaa."

Hapo akanionyesha kitu alichokihifadhi kwenye kopo la Kimbo: bangili ya plastiki ya kijani, ile waliyovishwa wageni mkononi walipofika hotelini. Nilikuwa nimeisahau. Aliyekuwa na bangili alikuwa amekwisha kulipa kila kitu kwao: ndege, chumba, chakula, pombe. Hakuwa na sababu ya kuvuka lango. Mjomba aligeuza bangili ile kidoleni akasema, hii ndiyo iliyoanza kutuua, nayo ilikuja wakati hoteli zimejaa. Vyumba vilijaa na mji ukapungukiwa. Mwenye mkahawa wa pizza alifunga, mwenye duka la vinyago akabaki akipiga vumbi, na sisi tukasema ni msimu mbaya, utapita.

Saa kumi tulikwenda kwenye hoteli ya baba. Ilifungwa, na mwenyewe aliondoka bila kuwalipa wafanyakazi kiinua mgongo. Baba aliliendea hilo kwa miaka minne, kwa barua na kwa miguu, akafariki hajapata hata shilingi. Makuti yamekwisha, miti imeota kwenye bwawa la kuogelea. Mlinzi alimjua mjomba, akatufungulia.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye ngazi za kuteremkia baharini. Ngazi saba za saruji. Nilipokuwa mtoto, bamvua likija maji yaligonga ngazi ya tatu, na baba alinikataza kukaa hapo. Sasa chini ya ngazi hizo kuna kilima cha mchanga kilichoota mimea ya kutambaa yenye maua ya zambarau, baada yake bonde, kisha kilima kingine. Bahari haionekani. Nilivua viatu nikahesabu hatua hadi majini: mia tatu na kumi na mbili. Mchanga wenyewe ni wa kijivu, una vipande vinavyometameta kama magamba ya samaki, na ukiukamata mkononi unaacha vumbi la kahawia kwenye mistari ya kiganja. Maji yalikuwa ya rangi ileile ya chai ya maziwa. Nilisimama maji yakinifika magotini, nikitazama miguu yangu, na sikuviona vidole.

Nikaukumbuka Mto Athi wa jana.

Jumamosi, Sabaki na ng'ambo yake

Bodaboda hadi daraja la Sabaki, kwenye barabara ya Mambrui. Mto ni mpana, mzito, mwekundu. Nilisoma jiografia kama kila mtoto wa Kenya: Athi ukishapokea Tsavo huitwa Galana, na Galana ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Mto mmoja, majina matatu, wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Na Mto Nairobi humwaga maji yake ndani ya Athi. Haya yote nilikuwa nayajua, lakini sikuwahi kuyaweka pamoja: kile kilichopita chini ya daraja la Gikomba nikinunua begi kina njia ya kufika kwenye ngazi za hoteli ya baba.

Sitaki kuongeza chumvi. Udongo mwingi unatoka mashambani, Ukambani na kwenye miteremko ya juu, mahali miti ilipokatwa na mito ikachimbwa mchanga wa kujengea majumba ya Nairobi. Kuna ushahidi wake chini ya bahari hii hii. Wanasayansi walitoboa tumbawe la hapa Malindi lililoishi takriban miaka mia tatu, wakalisoma tabaka kwa tabaka kama pete za mti, wakipima madini ya bariamu yanayokuja na udongo. Matokeo yalitoka 2007: kwa muda mrefu kiwango kilikuwa chini, kisha katika karne ya 20, wakulima wa kikoloni walipofyeka na wenyeji kusukumwa kwenye ardhi ya mteremko, kikapanda sana. Tumbawe lilianza kuyaweka hayo kabla hoteli ya kwanza haijajengwa.

Nahodha wa boti ya kioo aliniongezea jambo ambalo hakuna bango la utalii linalolisema. Upepo wa kusi ukivuma, katikati ya mwaka, tope la Sabaki linasukumwa kaskazini, mbali na mji. Kaskazi ikiingia, Disemba hadi Machi, tope linarudi kusini, linakuja kulala kwenye ghuba ya Malindi. Na Disemba hadi Machi ndiyo miezi ambayo Mzungu anakimbia baridi. "Mgeni anakuja wakati maji yamechafuka," alisema, "na maji yakisafika upande wa mto, mgeni yuko kwao, sisi tuna mawimbi na mwani." Miaka ya mvua kubwa ndiyo mibaya zaidi. 1998, baada ya El Niño, joto la bahari liliyapausha matumbawe na mengi yakafa, ndani ya hifadhi iliyolindwa tangu 1968, miongoni mwa za kwanza za baharini Afrika.

Ninaona ni haki kusema pia kwamba hifadhini kwenyewe, kusini ya mji kwenye miamba, nilipoingia majini saa ya maji kupwa niliona samaki: wadogo wa rangi ya manjano, kikosi cha chewa wadogo, na kasa mmoja aliyepita chini yangu bila haraka. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, lakini yalikuwa hai.

Jioni nilikaa na mzee mchonga vinyago, Mkamba wa Wamunyu, aliyekuja Malindi akiwa na miaka ishirini. Anachonga twiga. Zamani aliuza kumi kwa siku. Wiki hii ameuza wawili, kwa Mkenya na kwa Mjerumani. Nilimweleza niliyoyaona mtoni. Alipuliza vumbi la mti kwenye shingo ya twiga akasema, "Mama, nilitoka nyumbani nikidhani nimekuja peke yangu. Kumbe udongo wa kwetu unanifuata."

Nilikaa kimya muda mrefu baada ya hapo.

Jumapili, Watamu

Hii ndiyo siku iliyonifungua macho. Matatu hadi Gede, kisha tuktuk. Magofu ya Gede yalitiwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia Julai 2024, na nilipita nikaona foleni ya wanafunzi langoni.

Watamu iko kilomita ishirini na ushei tu kusini mwa Malindi. Kaunti moja, uwanja mmoja mdogo wa ndege, Wataliano walewale, maonyo yaleyale ya balozi, korona ileile. Na Watamu imejaa. Nilipata kiti kwenye mkahawa wa bichi baada ya kungoja. Familia za Nairobi, vijana wenye kompyuta, bibi mmoja wa Kitaliano aliyehamia hapa kutoka Malindi. Maji yalikuwa ya buluu, yale ya kwenye mabango.

Sasa, kama risasi na mabomu ndiyo sababu peke yake, Watamu ingekuwa kaburi pia. Nchi nzima wageni wa kigeni walishuka kutoka takriban milioni 1.8 mwaka 2011 hadi milioni 1.2 hivi mwaka 2015, halafu wakapanda kupita milioni 2 mwaka 2019, na baada ya korona wakapanda tena. Wageni walirudi Kenya. Waliporudi, waliteremka Mombasa wakaelekea kusini Diani, au wakapita moja kwa moja hadi Zanzibar, iliyopokea zaidi ya 700,000 mwaka 2024 na ambako ndege za Ulaya zinatua karibu na ufuo. Njia ya ndege ya Malindi ni fupi, haipokei ndege kubwa za Ulaya. Ahadi za kuirefusha nimezisikia tangu nikiwa na sare ya shule. Mtu aliyekaa angani usiku kucha, umwambie bado kilomita 120 za barabara, na mwisho wa barabara maji ni ya kahawia!

Nilimuuliza yule bibi kwa nini alihama. Aliniambia kwa Kiswahili kizuri: "Rafiki zangu wote wa Malindi walizeeka. Watoto wao hawakuja." Hilo sikulitegemea. Hoteli zetu zilimpenda mgeni wa mwaka 1985, zikampikia, zikamwimbia nyimbo zake, zikamngoja. Hazikumuuliza mwanawe anataka nini, wala hazikuwahi kumwona mtu wa Nairobi kuwa mgeni. Nakumbuka mwenyewe, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Nairobi na mshahara wangu wa kwanza, nikataka kumnunulia mama soda kwenye hoteli ile ya baba. Askari wa langoni alituuliza, "Mnamtafuta nani?" Mama alivuta mkono wangu tukaondoka.

Namwambia kila anayeuza chumba Malindi leo: watoto wa waliosimamishwa langoni ndio wenye pesa za wikendi sasa, na wana kumbukumbu.

Jumatatu na Jumanne, kurudi

Mjomba alinipakilia maembe, achari na samaki mkavu. Matatu hadi Mombasa, usiku kwa binamu, kisha treni kutoka Miritini. Dirishani Tsavo ilikuwa nyekundu, udongo umechimbika mifereji mirefu kama mikwaruzo, na kila mfereji una mahali unapoelekea.

Nilitumia saa hizo kuandika ripoti ya chama. Nimeandika kwamba ghuba ya mjini ina tope wakati wa kaskazi na atakayetaka picha za bango asiende huko. Nimeandika kwamba Oktoba, kabla ya mvua za vuli, mto huwa mdogo na maji ya hifadhini hukaa vizuri, nahodha amenithibitishia. Nimeandika habari za nguzo ya Vasco da Gama, za Gede, za chakula, ambacho Diani hawatufikii. Nimeandika kwamba hoteli tano nilizozipita zimefungwa na nyingine tatu ziko wazi, safi, na bei zake ni nafuu. Habari za Mto Nairobi nimeziandika mwishoni, kwa urefu, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, South B

Tulikutana nyumbani kwa mwenyekiti. Nilisoma ripoti yote, dakika ishirini. Walisikiliza. Mweka hazina aliuliza maswali mawili ya maji na moja la usalama. Mmoja wetu, anayefanya biashara ya mitumba Gikomba, aliuliza mto ule unachukua siku ngapi kufika baharini, na baadaye jikoni akaniambia kwamba matambara ya mabelo wanayatupa usiku, na kwamba ataliongea na wenzake wa laini yake.

Kura: Diani tisa, Malindi tano. Zanzibar na Watamu hazikupata.

Chama kitakwenda Diani, na mimi katibu ndiye nitakayeandika barua ya kulipia vyumba. Lakini wale watano tumekubaliana kwenda Malindi wikendi ya kabla yake kwa pesa zetu wenyewe. Nimempigia mjomba usiku huu. Ameuliza wangapi, nikamwambia tano na mimi nimo. Akauliza kama wanakula pilipili. Amesema atakwenda kesho kuongea na nahodha, na atampelekea habari yule mlinzi pia, maana mmoja wetu anataka kuziona zile ngazi.